Akili mnemba katika bima za umma: Mashine ikikataa dai la Butiama, nani atajibu?

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MIFUKO ya bima ya umma duniani inaingia katika zama ambazo dai la matibabu halisomwi kwanza na karani, bali na kompyuta iliyofundishwa kutofautisha dai la kweli na la kughushi. Teknolojia hiyo huitwa akili mnemba, ingawa wapo wanaoiita akili unde. Mahali pengine imeokoa fedha za wanachama, na mahali pengine imewatia hatiani watu wasio na kosa.

Kwa wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama, jambo hili si la mbali kama linavyoweza kuonekana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima ya afya. Wanachama wakiongezeka madai nayo huongezeka, na madai yakiongezeka macho ya watu hayatoshi kuyakagua yote. Hapo ndipo mashine hukaribishwa.

Swali la msingi, kwa hiyo, si kama mashine zitatumika. Swali ni zitafundishwa kwa mifano ya wapi, na mashine ikisema hapana, nani atamweleza muuguzi wa zahanati sababu ya kukatiwa fedha zake.

Mfuko wa pamoja ni nini?

Mfuko wa bima ni chungu kimoja kinachochangiwa na wengi ili kimsaidie yule atakayepatwa. Mwenye afya leo hulipia matibabu ya mgonjwa wa leo, naye akiugua kesho atalipiwa na wengine. Wazo hilo halikuletwa na meli. Vyama vya kuzikana vipo katika mitaa ya Musoma na vijiji vya Butiama tangu zamani, na kanuni yake ni ileile: kila mmoja atoe kidogo ili msiba usimwangushe mmoja.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ilifuata sera ya matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Hazina ya nchi ndiyo iliyokuwa chungu. Mzigo ulipozidi, utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Mwaka huohuo wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kazi kwa watumishi wa umma, ambao huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine.

Mwaka 2018 CHF iliboreshwa na kusambazwa nchini. Kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa mingi ilitakiwa kulipa Sh 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Nje ya tiba, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, ambao huwalipa wanaoumia au kuugua kutokana na kazi.

Mifuko yote hii ina udhaifu mmoja unaofanana. Chungu kikijaa wagonjwa watupu, hukauka. Mfano wa karibu ni Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mzazi kulipa Sh 50,400 kwa mwaka kwa ajili ya mtoto mmoja. Machi 2023 NHIF ilisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuuelekeza shuleni, kwa maelezo kwamba wengi waliokuwa wakiandikishwa tayari walikuwa wagonjwa. Wazazi wengi walilalamika, lakini hesabu ya mfuko ilikuwa wazi: matumizi yalizidi michango.

Dai husafiri vipi?

Mwanachama anapotibiwa, tuseme katika Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa mjini Musoma, hatoi fedha dirishani. Hospitali hujaza fomu ya madai inayoonyesha jina na namba ya mwanachama, ugonjwa uliobainika, vipimo vilivyofanyika, dawa zilizotolewa na jina la aliyetibu. Madai ya mwezi mzima hukusanywa na kupelekwa kwenye mfuko, ambako hukaguliwa kabla ya kulipwa.

Mkaguzi huuliza maswali yaleyale kila siku. Je, mwanachama yu hai na ana uanachama halali? Je, dawa inalingana na ugonjwa? Je, kipimo hiki kinaruhusiwa katika ngazi ya zahanati? Je, dai hili halijaletwa mwezi uliopita? Akiridhika hupitisha, asiporidhika hukata sehemu ya dai au lote.

Udanganyifu upo, na hufanywa na pande zote. Wapo wanaoazimana kadi. Wapo watoa huduma wanaodai malipo ya mgonjwa ambaye hakufika, wanaoandika dawa ghali ilhali walitoa ya bei nafuu, au wanaoongeza vipimo visivyohitajika. Fedha zinazopotea hivyo ni za mwalimu wa Bunda na askari wa Musoma waliokatwa kwenye mishahara yao.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka 2021/22, iliyoonyesha kuwa NHIF ilipata nakisi ya zaidi ya Sh bilioni 200 katika mwaka mmoja. Udanganyifu si sababu pekee, kwani kuongezeka kwa magonjwa yasiyoambukiza na gharama za tiba vimechangia pia. Hata hivyo, mfuko ulio katika hali hiyo hauwezi kufumbia macho dai la uongo.

Upande wa pili wa shilingi ni kituo cha tiba. Fedha za madai ni sehemu ya fedha ambazo zahanati hutumia kununua dawa na vifaa. Dai likicheleweshwa au kukatwa bila haki, anayeumia si karani wa hesabu. Ni mama anayefika dirishani na kuambiwa dawa zimekwisha, akanunue duka la nje, ingawa bima yake ni hai.

Mashine hufanya kazi gani?

Zipo namna mbili za kuikabidhi kompyuta kazi ya ukaguzi. Ya kwanza ni kuipa masharti yaliyoandikwa na binadamu. Mathalani, huduma ya kujifungua isidaiwe kwa mwanachama wa kiume, au mgonjwa mmoja asilazwe hospitali mbili kwa siku moja. Hii si akili mnemba kwa maana halisi, bali ni orodha ya makatazo. Ni rahisi kuielewa, na dai likikataliwa sababu yake husomeka.

Namna ya pili ni kuionyesha kompyuta maelfu ya madai ya zamani, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, kisha kuiacha itafute yenyewe mambo yanayoyatofautisha. Baada ya kujifunza, hupewa dai jipya na kulipa alama ya mashaka. Hii ndiyo akili mnemba. Nguvu yake ni kwamba huweza kuona mtandao wa udanganyifu ambao hakuna mkaguzi angeuwazia. Udhaifu wake ni kwamba huijua dunia kwa mifano iliyoonyeshwa tu.

Tanzania ina nafasi yake katika historia hii. Mwaka 2012 mkoani Dodoma, chini ya mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi, ulianza kutumika mfumo wa kompyuta wa kusimamia CHF ulioitwa IMIS. Waandikishaji vijijini walitumia simu kupiga picha za wanachama na kutuma taarifa zao. Mfumo huo baadaye ulifunguliwa ili nchi yoyote iutumie bila kununua leseni, ukapewa jina la openIMIS. Nepal ni miongoni mwa nchi zilizouchukua kwa ajili ya bima yao ya afya, na ni kwa madai ya Nepal ndipo wataalamu walipotengeneza na kujaribu sehemu ya akili mnemba ya kuchambua madai. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya wakulima wa Dodoma kimekwenda kujifunza kazi mpya kwenye milima ya Himalaya.

Habari hiyo inatia moyo, lakini inabeba onyo. Mashine iliyofundishwa kwa madai ya Kathmandu haiijui Musoma.

Hesabu inayosahaulika

Wauzaji wa programu hupenda kutaja usahihi wa asilimia 90 au zaidi. Msomaji anapaswa kuifanya hesabu ifuatayo, ambayo ni ya mfano tu, kabla ya kushangilia.

Tuchukue mfuko unaopokea madai 10,000, na katika hayo 200 ni ya udanganyifu. Mashine inakamata asilimia 90 ya madai ya uongo, na kwa madai ya kweli hukosea mara 5 tu katika kila 100. Madai ya uongo yatakayonaswa ni 180. Madai ya kweli ni 9,800, na asilimia 5 yake ni 490. Jumla ya madai yatakayowekewa alama nyekundu ni 670, na kati ya hayo 490 ni ya watu waaminifu.

Kwa maneno mengine, karibu madai matatu kati ya kila manne yaliyotiliwa mashaka ni ya kweli. Mashine haikuharibika. Ni kwa sababu waaminifu ni wengi kuliko wezi, na kosa dogo likizidishwa kwa watu wengi huwa kubwa.

Fundisho lake ni rahisi. Alama nyekundu imwambie mkaguzi aanzie wapi kutazama. Ikigeuzwa kuwa hukumu, mfuko utawanyima wengi haki yao ili uwapate wachache. Ikitumiwa kama kielekezi, mkaguzi aliyekuwa na madai 10,000 mezani atabaki na 670, na hapo kazi ya mashine itakuwa imeonekana.

Kawaida ya Mara si kawaida ya kila mahali

Mashine hutilia shaka kisicho cha kawaida. Lakini kawaida ya nani? Mara imo miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya juu ya malaria, wakati Arusha na Kilimanjaro ugonjwa huo ni nadra. Mashine iliyojifunza zaidi kutoka maeneo hayo itaona zahanati ya Bunda, yenye vipimo vya malaria mfululizo baada ya mvua, kama kituo kilichobuni wagonjwa.

Kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho ni ugonjwa wa wavuvi, wachota maji na watoto wanaoogelea. Kanda ya Ziwa pia ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi wa selimundu, ambao hulazwa na kuongezewa damu mara kwa mara. Mtoto mmoja akionekana katika madai mara kadhaa kwa mwaka, mashine isiyoelewa itadhani kadi yake inaazimwa. Vivyo hivyo Buhemba wilayani Butiama, penye wachimbaji wadogo wa dhahabu: kifusi kikianguka, kituo kimoja chaweza kupokea majeruhi wengi kwa siku moja kuliko kilivyozoea kwa miezi.

Ipo pia adha ya mtandao. Kituo kilicho kisiwani au kwenye mwalo usio na mawasiliano ya uhakika hukusanya taarifa na kuzituma siku mtandao unaporejea. Kwa mkaguzi anayeyajua mazingira, hilo ni jambo la kila siku. Kwa mashine, madai ya wiki tatu yanayoingia ndani ya nusu saa hufanana na kazi ya mtu aliyekaa mezani kuyaghushi.

Majina nayo ni mtihani. Katika mkoa huu baba aweza kuitwa Chacha Marwa na mwanawe Marwa Chacha, na mtaa mmoja ukawa na akina Wambura Magesa watatu wasio na undugu. Programu inayotafuta watu walioandikishwa mara mbili itawaunganisha upesi. Alama za vidole, zinazotegemewa kumtambua mwanachama, hufifia kwa mtu aliyevuta nyavu au kushika jembe miaka thelathini.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalozuia matumizi ya akili mnemba. Yote yanaonyesha kwamba mfuko wa taifa hauna budi kuifundisha mashine kwa madai ya kila mkoa na kila ngazi, zahanati zikiwamo, na kisha kupima makosa yake mkoa kwa mkoa. Wastani wa taifa waweza kupendeza huku mkoa mmoja ukibeba makosa yote.

Waliotangulia walipata nini?

Katika jimbo la Michigan, Marekani, wakala wa bima ya watu waliopoteza ajira ulianza mwaka 2013 kutumia mfumo wa kompyuta ulioitwa MiDAS kusaka udanganyifu. Hadi mwaka 2015 mfumo huo ulikuwa umewatuhumu makumi ya maelfu ya watu, nao walitozwa faini na kudaiwa warejeshe fedha. Wakala ulipopitia upya zaidi ya kesi 22,000 zilizoamuliwa na mashine bila mtu kuzitazama, ilibainika kuwa asilimia 93 hazikuwa na udanganyifu. Wapo waliofilisika kabla ukweli haujajulikana.

Karibu zaidi ni Kenya. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali Oktoba 1, 2024. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato. Kwa wasio na mshahara, kompyuta hukadiria mapato yao kutokana na majibu ya maswali kuhusu nyumba, mali na maisha yao, na watu wengi wa kipato cha chini walilalamika kwamba walikadiriwa kiwango wasichokimudu. Mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za madai ya uongo yaliyobainika katika mfumo huo mpya. Hata hivyo, mwaka huohuo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo alieleza kuwa mfumo wenyewe, uliogharimu Sh bilioni 104.8 za Kenya, haukuwa mali ya Serikali.

Mambo mawili yanajitokeza. Kutoka Michigan, tunajifunza kwamba uamuzi wa kumnyima mtu stahili yake usiachiwe mashine peke yake. Kutoka Kenya, tunajifunza kwamba mfuko usiomiliki mfumo wake hauwezi kuwa na uhakika wa kuufungua na kuonyesha kwa nini ulikataa.

Sheria inasemaje?

Tanzania haianzi bila silaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kutaka zikusanywe kwa sababu maalumu. Sheria hiyo pia inampa mtu haki kuhusiana na uamuzi unaofanywa na mashine pekee, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Mwaka 2022 Wizara ya Afya ilikuwa imekwishatoa mwongozo wa sera kuhusu akili mnemba katika sekta hiyo. Aidha, mifumo ya kompyuta ya taasisi za umma iko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Kinachobaki ni kuyageuza maandishi hayo kuwa utaratibu unaofika hadi zahanati. Mfuko unaotaka kutumia akili mnemba kwa haki unapaswa kutimiza angalau mambo matano.

Kwanza, mashine iruhusiwe kukubali dai peke yake, lakini isiruhusiwe kulikataa peke yake. Pili, kila dai lililokatwa lirudi na sababu iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, si kwa namba ya siri ya mfumo. Tatu, kuwe na muda maalumu wa rufaa, na anayeisikiliza awe mtu mwingine asiye yule aliyelikata dai. Nne, makosa ya mashine yapimwe na kutangazwa kwa kila mkoa. Tano, mkataba na msambazaji uiachie taasisi ya umma umiliki wa mfumo na data zake.

Madiwani na kamati za usimamizi wa vituo vya afya nao wana nafasi yao. Ni haki yao kuuliza katika vikao ni madai mangapi ya kituo chao yamekatwa katika robo ya mwaka, kwa sababu zipi, na mangapi yamerudishwa baada ya rufaa. Kituo kisichoweka kumbukumbu hizo hakitajua kama kimeibiwa, kimekosea au kimeonewa.

Kwa mwanachama wa kawaida, hatua ni ndogo lakini zina maana. Ahakikishe jina lake kwenye uanachama linafanana na la kitambulisho cha taifa. Asisaini fomu ya matibabu kabla ya kusoma huduma zilizoandikwa. Asiazime kadi, kwa kuwa kila kadi inayoazimwa huifundisha mashine kuwashuku majirani zake. Akinyimwa huduma kwa maelezo kwamba mfumo umekataa, aombe maelezo hayo kwa maandishi na ayapeleke ofisi ya mfuko ya mkoa.

Mwizi wa fedha za wagonjwa akamatwe, na kama kompyuta inaweza kumwona mapema, itumike. Lakini chungu cha pamoja hudumu kwa sababu kila anayechangia anaamini kwamba zamu yake ikifika atasikilizwa. Mvuvi wa Bunda akikataliwa mara mbili bila kuelezwa sababu, mwaka ujao hatataka kulipa mchango, na jirani yake atamuiga. Hasara ya namna hiyo haitaonekana katika alama za mashaka za mashine, bali katika idadi ya kaya ambazo hazikurudi kujiandikisha.